Mechi ya Nyumbani Iliyochezwa Ugenini

Dagbjartur ni fundi bomba. Ukifungua bomba hapa Hrafnsvík, mji wetu mdogo huku kaskazini mwa Ulaya, na maji ya moto yakatoka, ujue mkono wake umepita hapo. Yasipotoka, ujue ameahidi kuja Jumanne. Ni mtu mrefu, mkimya, na pua yake imevunjika mara nyingi hadi ikaamua kuhamia upande wa kushoto.

Pua hiyo aliipatia golini. Katika mpira wa mikono, kipa husimama katanua mikono na miguu, na mbele yake huruka jitu la kilo mia, mpira umenata kiganjani kwa ulimbo, likamtandika kwa umbali ambao watu wengine hutumia kusalimiana. Watu wenye akili huchagua nafasi nyingine. Dagbjartur alichagua hiyo akiwa mtoto, akaishika mpaka nywele zikamwisha.

Mimi naitwa Steinvör, nauza samaki. Mume wangu ni Ketill, anayefundisha Kijerumani shuleni, na mpaka leo hajatoka mwanafunzi anayekijua. Kila asubuhi kabla ya kazi tunakutana pale kwenye bwawa la kuogelea, ndani ya chungu. Ndivyo tunavyoliita lile birika la maji ya moto lililo nje, ambamo watu hukaa wamezama hadi shingoni huku theluji ikiwaangukia kichwani. Chunguni kila mtu ana mahali pake. Pa Ketill ni kwenye kona, ambapo maji hutoka ukutani kwa nguvu na kukanda mgongo. Daktari mgeni aliwahi kukaa hapo kwa kutojua, na Ketill akasimama mbele yake kwenye upepo mpaka daktari akahama.

Chunguni hakuna cheo wala huruma. Mwezi wa Januari, timu ya taifa ikicheza, sisi sote huwa makocha, na kijana aliyekosa penalti jana usiku huchunwa ngozi humo humo, mama yake akiwa amekaa pembeni na kuchangia. Dagbjartur yeye alikuwa anachunwa mwaka mzima, na kwa mechi moja tu.

Mechi yenyewe ilikuwa hivi. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, klabu yetu ilipata nafasi ya kucheza kombe la Ulaya, na kura ikatupa Brückfeld ya Ujerumani. Paa la ukumbi lilikuwa linavuja. Viongozi wakafanya kama vinavyofanya vilabu vingi vidogo: wakaiuza mechi ya nyumbani. Maana yake, mechi zote mbili zikachezwa kule kule Ujerumani, na Brückfeld wakabeba mzigo wa vitanda, basi na chakula. Jumamosi ikawa mechi ya ugenini. Jumapili ikawa ya nyumbani, ukumbi ule ule, mashabiki wale wale, ila sasa wenyeji ni sisi, na nahodha wetu akawakaribisha Wajerumani kwao.

Jumamosi walipigwa kama ngoma. Jumapili Dagbjartur hakupitisha hata inzi, na Hrafnsvík ikashinda kwa bao moja. Lakini mechi mbili zikijumlishwa tulikuwa tumetolewa vibaya, na redio ikasoma jumla tu. Hapakuwa na picha, hapakuwa na hata mtu mmoja wa kwetu kwenye viti. Aliporudi akasimulia. Ketill akasema Wajerumani walikuwa wametoka kula, wameshiba, wanacheza ili chakula kishuke. Wachezaji wenzake walipoulizwa, kila mmoja alikumbuka mabao aliyofunga yeye.

Kulikuwa na jingine. Baada ya mechi ile mkubwa wa Brückfeld alimfuata mlangoni, mikono ya Dagbjartur bado ina ulimbo, akamtaka aende kuwachezea, msimu unaanza mwisho wa Agosti. Dagbjartur akajibu kwamba atakuja, ila baada ya Septemba, kwa sababu kondoo wa baba yake wako mlimani na Septemba ndiyo mwezi wa kuwashusha. Kwetu jibu hilo halina kasoro, hakuna mtu anayeacha kondoo wa baba yake mlimani. Wajerumani walingoja kidogo, kisha wakamchukua Mswidi.

Ketill hilo nalo alilifanyia kazi. "Hivi Dagbjartur, walikuita ukadake mpira au ukazibe bomba?" aliuliza mwaka huo, akauliza na mwaka uliofuata, na watu wakacheka kila mara kama ni mpya. Mimi nilimwambia aache, na si mara moja. Alisema ni utani tu. Utani wa miaka thelathini na kitu si utani tena, huo ni ukuta, na mtu anaishi nyuma yake.

Dagbjartur hakuwahi kujibu. Mwanzoni alikuwa akiisimulia ile mechi, harusini, msibani, popote penye kahawa. Kisha siku moja mama yake, marehemu Hallbera, mwanamke mpole ambaye hakumkaripia mtu maishani, alimwekea samaki mkavu na siagi mezani akamwambia, "Mwanangu, hiyo iache sasa." Akaiacha. Ndiyo siku aliyojua kwamba hata mama haamini. Hilo Dagbjartur aliniambia mimi mwenyewe akiwa amelala chini ya sinki langu, na nilishukuru kwamba sikuuona uso wake.

Sasa, majira ya majani kupukutika yaliyopita klabu ikapata tena nafasi ya Ulaya, na kura, ambayo haina haya, ikatupa Brückfeld ile ile. Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti wa klabu ni Arnþrúður, binti wa mama mdogo wa Dagbjartur, mwanamke wa maneno machache na kahawa nyingi. Akaeleza kwamba mechi ya nyumbani itauzwa kama zamani. Watu wakaitikia kwa vichwa na kunyoosha mikono kwenye chapati za sukari. Dagbjartur hakuja mkutanoni, alikuja kurekebisha bomba la joto la ukumbi. Akainuka pale ukutani, spana mkononi.

"Mechi ambayo watu wako hawakuiona haipo," alisema. "Niulizeni mimi."

Ketill akacheka. Akacheka peke yake, jambo ambalo hakulizoea.

"Na hao Wajerumani watalala wapi, Dagbjartur?" Arnþrúður akauliza. "Kwako?"

"Kwetu sote."

Akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba vitanda. Hakuna aliyethubutu kumnyima. Baridi ilikuwa inakuja, na kila nyumba ilikuwa na bomba linalongoja Jumanne. Mwisho wa juma la mechi vijana wa Brückfeld, warefu kama nguzo za umeme, walilala kwenye vitanda vya watoto wetu, miguu imetokeza nje.

Kwetu alikuja mtunza vifaa wao, mzee aitwaye Lothar, kwa sababu Ketill alikuwa ametamba kwamba Kijerumani si tatizo nyumbani kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Ketill alikuwa mzima kabisa na hakuhitaji kupona.

Mechi ikachezwa Jumamosi, ukumbi umejaa hadi watoto wamekaa juu ya mabomba. Tulifungwa kwa mabao kumi na moja, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu wa Hrafnsvík na halikumshangaza mtu mwingine yeyote. Dagbjartur aliitazama yote amesimama nyuma ya goli letu, na kila mpira ulipopigwa, goti lake lilinyanyuka kidogo.

Jioni, kwenye supu ya kondoo, Lothar akatuambia kwamba naye aliwahi kuichezea Brückfeld ujanani. Alikuwa mpigaji wa mkono wa kushoto. Akatuonyesha bega, ambalo halipandi tena. Akataja na miaka. Mimi nikapiga hesabu. Nikamtazama Ketill, nikaona naye amepiga, na ametoa jibu lile lile. Akaomba chumvi.

"Muulize," nikamwambia.

"Kesho," akasema Ketill. "Mzee amechoka."

Ningeweza kuuliza mwenyewe. Nilikaa Ujerumani nikiwa msichana, kwenye kiwanda cha samaki, na Kijerumani changu kinatosha kuomba likizo na kutukana. Lakini sikutaka lisemwe kwenye meza yangu likaishia kwenye sahani. Nilitaka lisemwe kule kule alikochunwa Dagbjartur. Na ingawa nasema vibaya, masikio yangu ni mazima, na Ketill anajua.

Basi Jumapili asubuhi nikampeleka Lothar bwawani. Alirudishwa mlangoni mara moja, maana alitaka kuingia majini bila kwanza kuvua kila kitu bafuni na kujisugua kwa sabuni, kama ilivyo sheria yetu. Alipotokea tena alikuwa mwekundu na mnyenyekevu. Chunguni walikuwamo Arnþrúður, Ketill kwenye kona yake, na Dagbjartur upande wa ngazi, ambako upepo unapita. Lothar akaingia, akaguna kwa raha. Hakumtambua mtu. Kipa wa zamani alikuwa na nywele nyingi, na pua iliyonyooka.

"Ketill," nikasema, "muulize kama anaikumbuka mechi ile ya zamani, waliyocheza na sisi kwao. Ya Jumapili."

"Steinvör, acha," akasema Dagbjartur.

"Sikukuuliza wewe."

Ketill akauliza. Nilisikiliza kila neno, na aliuliza sawasawa, hilo namkubalia. Lothar akafikiri. Kisha akaanza kusema, akasema kwa muda mrefu, akatoa mikono majini akaitanua, akanyanyua na mguu, maji yakamwagikia Arnþrúður usoni. Alipomaliza akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wake.

"Anasemaje?" Arnþrúður akauliza.

"Anasema anaikumbuka," akasema Ketill.

"Amesema zaidi ya hayo," nikasema.

Mume wangu akanitazama. Niliona akikikumbuka kile kiwanda cha samaki. Akayatazama maji, kisha akaanza kutafsiri, polepole, kwa sauti ile anayoitumia kuwasomea wanafunzi alama zao.

"Anasema Jumapili ile kulikuwa na kipa. Anasema alimpigia chini, akampigia juu, akampigia katikati ya miguu. Anasema ilifika mahali akataka mpira apewe mtu mwingine, na hao wengine nao hawakuutaka. Anasema kwa miaka yote aliyocheza hakukutana na mwingine kama yule."

Mvuke ukapita. Dagbjartur alikuwa amezama mpaka kidevuni.

"Muulize kama walikuwa wameshiba," akasema Arnþrúður.

Ketill akamwambia hakuna haja. Arnþrúður akasema yeye ndiye mwenyekiti na haja anaiona. Ketill akauliza. Lothar akakasirika kidogo. Siku ya mechi, akasema, walikuwa wakila ndizi moja tu, na kocha alikuwa akiangalia maganda. Ketill akatafsiri ndizi. Akatafsiri na maganda.

Kisha Lothar akauliza swali lake mwenyewe. Ketill alilisikiliza, akakaa nalo, na nilidhani atalimeza. Hakulimeza.

"Anauliza yule kipa alipatwa na nini. Anasema ilikuwa aende kwao. Angekaa nyumbani kwa akina Lothar, na mama yake alishamtandikia kitanda. Kila jioni mama alikuwa anauliza kama yule kijana amefika. Mwishoni akakitandua."

Hapo sote tukageuka kumtazama Dagbjartur, na Lothar peke yake akawa anatutazama sisi, anangoja. Uso wa Dagbjartur ulikuwa umelowa. Chunguni ni rahisi kusingizia mvuke, lakini sisi tumeishi na mvuke na tunaujua. Alikuwa analia, na mimi nililia naye, na sioni aibu kusema.

"Mwambie alikwenda kushusha kondoo," akasema hatimaye.

Ketill akamwambia. Lothar akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa sababu ya kutosha, akauliza tena kwa ufupi.

"Anauliza kama aliwapata."

"Wote," akasema Dagbjartur. "Mmoja alivunjika mguu. Nikambeba."

Sijui Lothar alielewa nini. Alimtazama Dagbjartur, akaitazama ile mikono mirefu iliyotulia juu ya ukingo, akatazama tena usoni. Akaipandisha mikono yake, ule mbovu ukaishia kifuani, akaitanua kama makipa, akaishusha.

Ketill akasimama. Maji yakamchuruzika tumboni, baridi ikampiga, akatembea ndani ya maji mpaka upande wa ngazi.

"Dagbjartur," akasema, "nenda kakae pale. Maji yanapiga vizuri mgongoni."

Dagbjartur hakubisha. Akavuka, akakaa kwenye kona, akaegemea. Alikaa hivyo kitambo, macho kayafumba. Kisha akainamisha sikio ukutani, akasikiliza, akasema presha ya maji iko chini, tena tangu siku nyingi, atakuja kuirekebisha Jumanne.