Mulango ya Munyu

Mulishaka kusikia harufu ya majani ya viazi yenye kuwaka asubuyi ku Kipese, kijiji yetu ku milima, baridi ikiuma vidole? Ile harufu ndiyo utoto wangu. Ilikuwa saison ya kuvuna viazi, mimi kadogo tu, na kaka yangu (kwetu kaka ni nyanya, bibi mwenye kuzaa baba, hapana ndugu muwanaume!) alikuwa ananituma ku kisima na kibuyu. Mais batoto benzangu balikuwa bananikatala. "Weye mutu ya Munyu, hapana kuteka! Mutumwa anangoja nyuma!" Munyu ni babu ya zamani ya nyumba yetu. Balimuuza angali mutoto, bei yake ilikuwa chumvi, donc bakamuita Munyu, ni kusema chumvi. Basi nilikuwa nangoja bote bamalize, nateka matope. Siku moja kaka akaona maji ku chungu iko nyekundu, akauliza, nikamuambia yote nikilia.

"Ah! Twende!" Akashuka na fimbo yake, anacheka, mimi nyuma. Akasimama pa kisima. "Batoto bazuri, mutasikia. Balimupeleka Munyu kwa mwami, mufalme wa kwetu. Kwanza alifagia. Kisha akakuwa anaonja pombe ya ndizi, juu mutu asitie mwami sumu. Mwami akaangalia: huyu hana ndugu hapa, hana mujomba, hawezi kutamani kiti yangu. Akamupatia mulango! Hata bandugu ya mwami banangoja inje mpaka Munyu aseme: ingia! Na weye wa meno makubwa, babu yako alingoja mpaka mvua ikamulowesha!" Bote bakacheka, hata ule wa meno. Bakasogea, nikateka maji safi.

Mais ule wa meno akauliza: "Na mama ya Munyu?" Kaka akaegemea fimbo yake. Akasema polepole, njia ya kwao Munyu alikuwa ameisahau. Kila muchuuzi wa chumvi mwenye alifika pale ku mulango, Munyu, mutu mukubwa vile, aliinuka mu kiti akamuuliza: hukukuta mama mwenye kutafuta mutoto? Aliuliza vile mpaka nywele ikakuwa nyeupe.

Leo niko hapa Beu, mu Beni. Maji inatoka ku robinet, siku ingine hapana, mais hakuna mutu wa kunifukuza juu ya Munyu. Juzi mujukuu wangu Kavira akatoka ku masomo mbio: "Kaka! Mwalimu anasema zamani kwa Baturuki batumwa balikuwa baminisitiri ya mufalme!" Nikacheka mpaka machozi. "Mais siye wa vile tulikuwa naye mu nyumba yetu, Munyu!" Nikamuelezea yote, na ya mama pia. Pale hakucheka tena. Kila siku anabaona hapa Beni, bale bamama benye kutafuta batoto yabo benye balipotea mu vita, benye kukaa inje ya mabureau ya serikali tangu asubuyi, kitenge ku kichwa, banangoja kuitwa. Akanishika mukono. "Kaka, siku nitapata bureau yangu, mama mwenye kutafuta mutoto hatangoja inje. Nitainuka mu kiti, nimufungulie mimi mwenyewe."