Mchango wa Kufungua Hadithi ya Mama

Mimi ni mwoga, niliseme hilo mapema. Naogopa mbwa, naogopa radi, na tangu mwaka jana naogopa simu yangu mwenyewe inapotoa ule mlio mfupi wa kuniarifu kwamba kuna mtu amelipia kusoma nilichoandika.

Mchana nafanya kazi masijala, katika wizara moja kule Mtumba. Jioni nikirudi Nzuguni huwa naandika. Blogu yangu ya kwanza iliibwa: tovuti moja ilibeba hadithi zangu zote, ikazizungushia matangazo ya sabuni, na nilipolalamika, wenye mtandao wakafuta ya kwangu badala ya ile ya mwizi. Nililia. Ndipo mfanyakazi mwenzangu akanionyesha mtandao usio na mwenyewe. Maandishi yako hutunzwa kwenye kompyuta nyingi duniani, unapewa ufunguo wa siri wa maneno kumi na mawili, na wewe ndiye unayepanga watu wasome bure au walipie. Huku hakuna wa kukufutia, aliniambia. Nikafurahi. Sikuuliza kama mimi mwenyewe naweza kufuta.

Hadithi ya kwanza niliyoweka huko, tena bure, niliiita Mama Yangu. Nilipokuwa na mwaka mmoja niliugua hadi majirani wakaanza kukusanyika. Mama, ambaye alikuwa ameshabatizwa na anaimba kwaya, alibeba jogoo mweusi akaenda kwa mganga. Nikapona. Aliniambia hilo mara moja tu, tukipepeta uwele, akaniomba liishie hapo. Leo yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na huwaonya wenzake kuhusu waganga kwa ukali ambao sijui anautoa wapi. Sikutaja jina la mtu. Lakini niliandika kovu la moto mkononi na nyumba ya karibu na reli, Ihumwa, kwa sababu nilitaka ipendeze. Anayemjua mama angemtambua mara moja.

Kosa hilo nililiona siku ya tano, nikiwa ofisini. Nikajaribu kufuta, haikufutika. Nikajaribu kurekebisha, maneno ya zamani yakabaki chini ya mapya, mtu akitaka anayafungua. Mlango haukuwa na kufuli, ulikuwa na bei tu. Basi nikaipandisha bei mpaka mahali ambapo, kwa akili zangu, hakuna mtu mzima angelipa kusoma kurasa nne. Usiku huo nikapata usingizi.

Nilichosahau ni kwamba nina ukoo. Mjomba, kaka yake mama, aliiona ile bei, akaipiga picha na kuituma kwenye kundi la familia: mtoto wetu anauza hadithi kwa bei ya mbuzi, na hadithi yenyewe ni ya dada yangu. Kwetu jambo likizidi mfuko wa mtu mmoja huundiwa kamati. Kufikia jioni kulikuwa na mwenyekiti, mhazina na orodha ya ahadi, kama ya harusi. Niliandika kwamba wasijisumbue, ni kahadithi tu. Wakausifu unyenyekevu wangu. Nikapandisha bei tena. Wakaongeza mchango.

Jumapili, baada ya ibada, tulikutana kwa mama. Nilimwamkia mjomba shikamoo. Akabonyeza simu yake, na mkoba wangu ukatoa ule mlio mfupi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani kukimbia. Mjomba alikuwa ameacha miwani kwake, akanipa simu niwasomee, na mama akavuta kigoda akakaa mbele yangu, mikono mapajani, kovu likionekana.

Nilisoma. Nilipofika kwa jogoo nikaruka, nikatunga palepale kwamba mama alipiga magoti akaomba mpaka kukapambazuka. Sauti ilitetemeka kwa hofu, wao wakadhani ni mapenzi. Mama mdogo akafuta machozi. Mjomba akachukua simu yake, akaitia kwenye mfuko wa shati, akasema akifika nyumbani ataisoma mwenyewe taratibu, akiwa na miwani yake.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

"Jogoo umemwacha wapi?" akaniuliza.

Akaniambia kwamba mwenzake mmoja wa kanisani alimsomea yote wiki ile ilipokuwa bure, kisha akamwahidi kunyamaza. Tangu siku hiyo mama alikuwa akingoja nije nimwambie mwenyewe. Kila nilipomtembelea alingoja, nami nilikuwa nikimpelekea sukari na kuongelea mvua.

"Nisamehe, mama. Haifutiki."

"Nimesikia hivyo. Na hela waliyochanga imeingia kwa nani?"

"Kwangu."

Aliugeuza ugali kwenye sinia, akausawazisha kwa mwiko uliolowana, pole pole, kama vile wageni hawana njaa.

"Basi kawaambie wewe, kabla mjomba wako hajaenda kuvaa miwani. Nitakaa palepale kwenye kigoda nikusikilize."

Akanipa sinia. Nililishika kwa mikono miwili. Nikatoka nalo, yeye akanifuata nyuma.