Gauni la Sita

Atakayesema niliota na aseme, lakini kwanza anieleze ni ndoto gani inaotwa saa kumi na nusu ya alasiri, jua linawaka, beni linapigwa na Mnazi Mmoja watu hawana pa kukanyaga. Mimi sikusoma. Chuoni nilimaliza juzuu mbili, skuli nilikaa miaka miwili nikatolewa, na sababu ya kutolewa mtaijua. Kupamba maneno siwezi. Nitasema lililonifika kama lilivyonifika, na walionifanyia nitawataja. Wengi washakufa, na hilo halinizuii.

Tulikuwa tukikaa Miembeni. Mama alizaa wasichana watupu, sita, mpaka majirani wakatuita nyumba ya magauni. Mkubwa Mwanahawa, akifuatiwa na Zuhura, kisha mimi, na nyuma yangu watatu wadogo. Mwaka wa kisa hiki, mwezi wa Rajabu, Zuhura alishikwa na homa. Siku tatu tu, ya nne tukamzika. Alikuwa na miaka kumi, mimi tisa. Tulifanana mno mimi na yeye, watu wakituchanganya, ila Zuhura alikuwa na kovu kidevuni, aliungua uji wa moto alipokuwa mdogo. Likumbukeni kovu hilo, kwa sababu wao hawakulikumbuka.

Enzi hizo, sikukuu ikikaribia, kila nyumba ilinunua jora moja la kitambaa na watoto wote wakashonewa humo humo. Msidhani ni urembo. Mnazi Mmoja siku ya Idd watoto huwa wengi kama siafu, na mzee akitafuta watoto wake hatafuti nyuso, anatafuta kitambaa. Sisi mwaka ule kitambaa chetu kilikuwa chekundu, maua meupe. Ukiona chekundu chenye maua meupe, ni mtoto wa nyumba yetu. Basi, wamemaliza. Ndivyo walivyotulea, kwa kuhesabu nguo.

Wa kushughulikia nguo alikuwa shangazi yangu Bi Tatu, dada yake Baba, aliyekuwa akikaa nasi. Mama tangu msiba alikuwa hatoki na hasemi. Bi Tatu akalichukua jora mpaka barazani kwa fundi Mbaruku. Hakutupeleka kupimwa. Alimwambia nini fundi? Mwanahawa alikuwepo, alisikia kwa masikio yake.

"Mbaruku, kama mwaka jana. Ila uongeze vidole viwili kila moja, wamekua."

Kama mwaka jana. Mwaka jana tulikuwa sita. Fundi wa watu akashona sita.

Siku ya mwisho ya Ramadhani Mama alifungua bunda, akayapanga magauni juu ya mkeka kwa urefu, moja baada ya moja. La pili likakosa mwenyewe. Mama hakulia. Alilipitishia kiganja, akalinyoosha, akakaa analitazama. Baba akasema, "Hili kesho kabla ya sala ya Idd apelekewe yatima. Lisibaki humu." Ndivyo tulivyofunzwa, nguo ya aliyekufa hutolewa, haiwekwi. Bi Tatu akajibu, "Ntalipeleka mimi, kaka."

Hakulipeleka. Alilikunja akalifungia kashani chini ya kanga zake, akimwekea mjukuu wake wa Paje. Kitambaa kizuri vile, alikuja kusema baadaye, ningekitoaje kwa mtu nisiyemjua? Bi Tatu, uko kaburini na mimi nakusema mbele za watu.

Sikukuu mosi, Baba baada ya sala alikwenda Chukwani kumwamkia kaka yake, alale huko. Mama akabaki ndani. Alasiri Bi Tatu akatutoa, watoto watano na yeye na buibui lake, tukaenda Mnazi Mmoja. Sikwambieni uongo, mpaka saa ile nilikuwa na furaha. Kulikuwa na wauza halua na njugu na barafu za rangi, kulikuwa na farasi wa mbao, na kulikuwa na ile pembea kubwa ya kuzunguka, ya mbao, yenye masanduku manne, wanaume wawili wenye vifua wakiizungusha kwa mikono. Ukifika juu unaona mapaa ya mji na bahari nyuma yake.

Sanduku moja ni la watoto wawili. Sisi watano. Mmoja lazima abaki. Akabaki nani?

"Wewe ngoja duru ya pili," akasema Bi Tatu. "Na uache kununa, sikukuu leo."

Duru ya pili nikapanda peke yangu, Bi Tatu keshakutana na shoga zake anapiga soga, mgongo kanipa. Sanduku langu likapandishwa nusu likasimama, ili wa chini wajazwe. Niliinamisha kichwa nikawatazama wanaopanda. Nilipoinua kichwa, mbele yangu amekaa mtu.

Sanduku liko hewani, futi kumi kutoka chini. Alipanda kupitia wapi? Niaminini, mimi nimelizungusha swali hilo maisha yangu yote.

Alikuwa Zuhura. Gauni jekundu, maua meupe. Kovu kidevuni. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nilimwona kama mtu aliyekwenda dukani akachelewa.

"Mama hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo."

"Bokoboko limebaki?"

"Limebaki. Kaliweka chini ya kawa."

"Na samli yake?"

"Na samli yake. Hilo gauni kakupa nani?"

"Langu. Mbaruku kanishonea." Akalivuta kiunoni anionyeshe. "Kaongeza vidole viwili."

Pembea ikaanza kuzunguka. Nikashika chuma. Akanicheka, kama alivyokuwa akinicheka siku zote. "Bado mwoga tu. Umeganda hapo kama popo."

"Siogopi."

"Basi wewe pembea. Mie nshachoka kukaa peke yangu, nnakwenda kwetu."

"Twende sote."

"Hatuwezi. Shangazi anahesabu watano."

Sanduku likafika chini, wala halikusimama, na yeye akashuka kama anayeshuka kizingitini. Mimi nikapandishwa juu. Na huko juu, wallahi, niliona kila kitu. Nilimwona Bi Tatu anaagana na shoga zake. Nilimwona anageuka, ananyoosha kidole, anagusa migongo. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Mgongo wa tano ulikuwa wa Zuhura. Hakutazama uso hata mmoja. Mwanahawa alikuwa mbele, kambeba mdogo kiunoni, anasema hakugeuka nyuma. Mimi simwamini. Zuhura akashika ncha ya buibui, wakaondoka wote, wametimia.

Nilipiga kelele mpaka koo likanikauka. Beni lilikuwa linapigwa, nani wa kunisikia? Msukumaji alipoishusha pembea nikamwambia dada yangu kashuka kaniacha.

"Dada gani?" akasema. "Umepanda peke yako. Nimekuona unasema na hewa, nikamwambia mwenzangu, mtazame huyu, sikukuu imempanda kichwani."

Nilikwenda nyumbani mbio, napotea vichochoro na kurudi. Nikafika Magharibi, adhana inamalizikia. Nanyi mnajua, wakati huo watoto wote huwa wameshaingizwa, mlango una komeo, na akiita mtu nje haitikiwi mpaka ajulikane. Nikagonga. Nikamwita Mama. Akaja Bi Tatu, nyuma ya mlango.

"Nani?"

Nikataja jina langu.

"Mwenye jina hilo yumo ndani anakula. Wetu wote wamo. Rudi ulikotoka."

"Shangazi, ni mimi. Mmeniacha pembeani."

Akaanza kunisomea Ayatul Kursiyyu. Mimi, mtoto wa miaka tisa, viatu vya sikukuu mkononi, shangazi yangu wa damu ananisomea kama jini.

Nikapanda barazani nikachungulia dirisha la chumba cha Mama. Taa ilikuwa imewashwa. Mama amekaa mkekani, sahani ya bokoboko mapajani, anamlisha Zuhura tonge kwa mkono. Anamfuta mdomo. Anacheka. Miezi ile yote sikumwona Mama akicheka. Kisha akainua macho, akaniona. Macho yake na yangu yalikutana, sijui kwa muda gani, lakini yalikutana vizuri. Akainuka. Nikajua anakuja kunifungulia.

Alikuja akafunga dirisha.

Jirani yetu Bi Kazija ndiye aliyenichukua. Aliniminya shavu, akanishika mkono akasema, "Una joto. Mtu wewe." Alikwenda kugonga kwetu, akajibiwa maneno yale yale. Akanilaza kwake, Mungu amlaze pema, ndiye peke yake katika kisa hiki nisiye na ugomvi naye.

Asubuhi Baba akarudi kutoka Chukwani, akanikuta kwenye baraza ya jirani. Akanishika mkono, akagonga, akafunguliwa. Mama alikuwa pale pale mkekani. Gauni la sita liko mapajani mwake, pindo limeroa udongo mwekundu. Mwenyewe hayupo. Bi Tatu akakimbilia kasha, akafungua, akapekua kanga zake zote, hamna kitu. Hapo ndipo alipokiri mbele ya Baba kwamba hakulitoa. Mnadhani aliomba radhi? Aligeuka akaninyooshea kidole.

"Kaka, usiku humu alilala mtoto wa sura hii hii. Kuna aliyeondoka na kuna huyu. Wewe unajua yupi ndiye?"

Nikamwonyesha Baba kidevu changu. Hakina kovu, Baba, tazama. Baba akatazama. Bi Tatu akasema viumbe hivyo haviwezi kuiga kovu, ndiyo maana hakina, kana kwamba mimi niliwahi kuwa nalo. Na Mama? Mama kalishika gauni tu. Neno moja lake lingetosha. Baba, aliyekuwa mkuu wa nyumba ile, akasema, "Tumwangalie kwanza."

Aliniangalia mpaka akafa.

Nilinyweshwa kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, siku arubaini. Nilifukizwa ubani mpaka macho yakavimba. Nikatolewa skuli, wazazi wa wenzangu hawakutaka nikae benchi moja na watoto wao. Nikatengewa sahani, wenzangu wanakula sinia moja na mimi niko ukumbini peke yangu, na hivyo hivyo mpaka nilipoolewa. Ndoa yenyewe ilidumu mwaka na nusu, mpaka mama mkwe alipopata habari za pembea. Nilipokuwa nikipita, watoto wa Miembeni walikuwa wakijigusa videvu. Ndugu zangu watatu wadogo wakakua wakijua mimi ni kitu, si mtu. Mwanahawa yuko hai, anakaa si mbali na mimi, tukikutana sokoni hunisalimia kwa mbali na mkono kifuani anasoma. Mwanahawa, wewe ulisikia fundi akiagizwa, ulijua magauni ni sita, na hukufungua mdomo.

Mama alipougua, ugonjwa wa mwisho, hao waliokula sinia moja hawakuonekana. Nilimwogesha mimi, nilimlisha mimi. Miezi minne. Siku moja, mchana, alikuwa na nafuu, nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo zaidi ya miaka ishirini.

"Mama, siku ile uliniona dirishani?"

"Nilikuona."

"Ulinijua?"

"Mtoto wangu nisimjue?"

"Na yule uliyekuwa ukimlisha, ulimjua?"

"Nilimjua tangu anaingia mlangoni."

"Kwa nini hukunifungulia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha wazi kabisa. "Wewe ungekuja tena kesho," akasema. "Yeye asingekuja tena."

Nikamuuliza, na miaka yote hii, mbona hukuwaambia? Akasema angewaambia nini, kwamba alijua? Akafumba macho. Nilimfuta mdomo, nikamgeuza ubavu, nikatoka uani nikakaa. Wiki ile ile akafa. Watu waliniambia nimsamehe, kwamba mama ni mama. Na mtoto je, si mtoto? Sijamsamehe. Labda mwenye watoto ataniambia nimekosea, mimi sikujaliwa.

Sasa nyinyi mnaosoma. Sikukuu zinakuja na mtawapeleka watoto viwanjani. Nguo ya marehemu itoeni siku ile ile, wala msimwachie aliyeipenda ndiye aitoe. Mkihesabu, muiteni mtoto kwa jina, aitike naam, mumtazame usoni. Na mtoto akija Magharibi akigonga anasema ni wenu, mfungulieni. Mkikosea mkamwingiza jini, atasomewa atatoka, walimu wapo. Lakini mkimfungia nje aliye wenu, msije asubuhi mkadhani ni yule yule. Mimi nilirudi nyumba ile nikiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo sijawahi kulala humo ndani nikasema nipo kwetu.