Kiapo cha Katekista Ngatia

Ngatia alizaliwa mwaka 1934 chini ya Mlima Kenya, mwendo mfupi kutoka mji wa Nyeri, mtoto wa kwanza wa Njoka na Wachuka, akabatizwa kwa jina la Anselimu. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni miaka ya hamsini, baba yake aliwekwa kizuizini, na mama akabaki na shamba pamoja na ahadi. Jirani mmoja, aliyekuwa msimamizi wa ubatizo wa Anselimu, aliapa kwamba siku ya kupima na kuandikisha ardhi angesimama kwa niaba ya Njoka. Siku ilipofika alisimama kweli, ila shamba aliliandikisha kwa jina lake mwenyewe. Njoka alirudi akakuta ua wa mtu mwingine, akafa akiwa kibarua. Kijana alikua akijua vizuri neno lililovunjwa humfanya nini mtu, ingawa hakupenda kulizungumzia.

Mwaka 1968 paroko alimwita awe katekista wa kigango chetu, kanisa dogo la parokia upande wa Gatitu, akamkabidhi funguo za kanisa na uangalizi wa kiwanja chake. Biblia yake ilichakaa zaidi pale penye kitabu cha Yoshua. Walimu wengine walipenda kuta za Yeriko na tarumbeta zake. Yeye aliwafundisha wakatekumeni, waliojiandaa kubatizwa, habari za Wagibeoni, waliovaa viatu vilivyotoboka na kubeba mkate mkavu ili waonekane wametoka mbali, na Yoshua akawaapia amani bila kumwuliza Mungu kwanza. Uongo ulipofichuka, kwamba walikuwa majirani tu waliopaswa kuangamizwa, Yoshua hakuwaua. Alikuwa amekosa kwa kuapa haraka, naye akakataa kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Fundisho hilo tulilisikia kila mwaka, tukipiga miayo.

Mwaka 1993 watu waliokimbia ghasia za Bonde la Ufa walikuwa wakifika mjini na magodoro vichwani. Jumapili moja mwanamke aitwaye Wacera aliingia kanisani na mumewe Muchangi na watoto wao, wakiwa na sufuria moja nyeusi na blanketi lililoungua pembeni. Walisema nyumba yao imechomwa. Ngatia alilia waziwazi mbele ya watu. Kisha akaweka mkono juu ya Biblia mbele ya altare, akaapa kwamba hakuna atakayewatoa kwenye pembe ya kiwanja cha kanisa aliyowapa. Sote tuliitikia amina, na mabati ya kibanda chao tukayachanga siku hiyo hiyo.

Baada ya miezi kadhaa Magdaline, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, aliupata ukweli sokoni. Familia ile haikutoka Bonde la Ufa. Walikuwa wapangaji wa mtaa wa Skuta papo hapo mjini, wakafukuzwa mwenye nyumba alipotaka kujenga ghorofa, na blanketi lilichomwa kwa makaa ya jiko. Halmashauri, ambayo tangu zamani ilikitamani kiwanja kwa ajili ya ukumbi wa harusi, ilimwita Ngatia.

"Ati walichomewa nyumba," Magdaline alisema. "Hawa watu wametufanya wajinga, katekista. Ni wewe uliwaweka hapo, na ni wewe utawatoa."

"Uongo ni yao," Ngatia alijibu. "Kiapo ni yangu."

"Basi chagua. Ni hao ama ni kazi."

Aliweka funguo mezani, akatoka. Walimtoa pia katika nyumba ya katekista. Mkewe alikuwa ameshafariki na shamba hakuwa nalo, hivyo akahamishia kitanda chake kibandani, ili anayetaka kubomoa abomoe yeye akiwa ndani. Muchangi alimchotea maji, Wacera akampikia uji. Jumapili alikaa benchi la nyuma, na watu aliowafundisha ishara ya msalaba walimpita bila kumpa mkono. Naandika haya kwa hasira, wala siombi radhi. Baridi ya kibanda kile ilimwingia kifuani, akafa Julai 1996.

Kaburini Wacera aliomba kusema. "Ile blanketi ni mimi nilichoma. Na yeye alijua. Nilimwambia Jumatatu, kesho yake tu baada ya kuapa. Nikasema, baba, tumekudanganya, wacha twende. Akaniambia, 'Mama, umechelewa. Nimeshaapa.'"

Watu waliinamisha vichwa, wakarudi nyumbani kula. Juma hilo hilo kibanda kilibomolewa. Hoja ilikuwa kwamba aliyeapa amekufa, na kiapo kimekufa naye. Waliosema hivyo hawakusoma habari za Wagibeoni hadi mwisho. Miaka mingi baada ya Yoshua kuzikwa, Sauli aliwaua Wagibeoni, na katika siku za Daudi njaa ikaishika nchi nzima kwa sababu ya kuvunjwa kwa kiapo kile kile.

Leo ukumbi wa harusi umesimama kwenye ile pembe, na juu ya mlango wake limeandikwa jina la Anselimu Ngatia. Waumini huwasha mishumaa kaburini kwake, na wapo wanaosema wamepona vifua. Sibishani nao. Muujiza ninaoujua mimi ni kwamba katikati yetu aliishi mtu aliyeshika neno lake hadi likamwacha bila kazi, bila nyumba na bila marafiki. Anayetaka kumwiga asianzie kaburini. Aende Gatitu, ambako Wacera anauza viazi kando ya barabara, amwulize siku hizi analala wapi na watoto wake. Siku ile ya kiapo, sote tuliitikia amina.