Mtumbwi Tuliouzamisha Ivuna

Mimi ni mtu wa Mbozi, kwenye kahawa. Kabla ya kuolewa Ivuna, maji niliyoyajua ni ya ndoo. Mume wangu ndiye aliyenifundisha mtumbwi: simama nyuma, panua miguu, legeza magoti. Choma pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, kwenye tope, sukuma, kisha ling'oe upesi, maana tope la Ziwa Rukwa halina adabu. Ukiling'ang'ania pondo, mtumbwi unakwenda zake na wewe unabaki unaning'inia juu ya mti. Nilining'inia mara nyingi, naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Mtumbwi ule ulichongwa na baba yake kwa gogo moja. Miti mikubwa kama ule imeishia kwenye mkaa, kwa hiyo tuliutunza kuliko nyumba. Tulivuka nao matete kwenda kambini kuvua, na sufuria, unga, wavu na kopo la kutolea maji, jicho moja likichunga viboko.

"Huu ukifa," alizoea kusema, "nitakwenda Tunduma kubeba mizigo mpakani. Na Tunduma siiwezi." Hakuwa anatania.

Ziwa likafungwa ili samaki wazaliane. Huku mtumbwi usio na kazi hauachwi nchi kavu, jua litaupasua. Unajazwa mawe, unazamishwa. Tuliuzamisha maji yalipotufika kiunoni, tukapanda Mbozi kwa wazazi wangu kuchuma kahawa. Tuliliamini ziwa. Lakini Rukwa ni sinia, si chungu; likipungua kidogo tu, ukingo unahamia mbali.

Tuliporudi, mtumbwi ulikuwa juani, katikati ya tope lililokauka, ufa umeupita kutoka mbele hadi nyuma. Jirani yetu mfugaji akasema, "Poleni. Tulijua mmeuacha." Hasira zilinipanda. Nani anaacha chakula cha watoto wake juani?

Mume wangu alisokota matambara, akaziba kwa lami, akapigilia bati. Tukauburuta mpaka majini.

"Kaa katikati, mama watoto. Wewe toa maji tu."

Nilitoa mpaka mabega yakawaka moto. Hatujafika hata kwenye matete, maji yakawa yamefunika miguu yangu.

"Baba watoto, turudi."

"Bado kidogo."

"Turudi. Watoto wako nyumbani."

Akageuza. Nilimchukia kwa kuniachia mimi nitamke neno hilo.

Mfugaji akauchukua, akaufanya hori la chumvi. Ng'ombe hawajali ufa. Siku walipoanza kulamba, mume wangu aliingia ndani akalala, jua likiwa bado juu, na wiki ile ile akapanda gari la Tunduma.

Sasa anabeba mifuko ya saruji. Masika haya ziwa limejaa, limefunika tope lote na kukaribia shamba letu. Jana alipiga simu, akauliza watoto, akauliza mahindi.

"Na ziwa?"

"Bado liko mbali," nikamwambia.