Makosa ya Mwalimu The

Mwalimu Boaz wa Kosele alikuwa na ugonjwa wake: akiona sentensi ya Kiingereza imekosa "the", hanyamazi. Hata mahubiri angeyasimamisha, huyo! "Kitu kikiwa kimoja tu na kinajulikana, weka 'the'," aliwaimbia wanafunzi, nao wakamwita Mwalimu The. Jina lilimpendeza mno.

Mdogo wake Benard alipofariki, wasifu wa marehemu uliandikwa na Pamela, binti wa mke mkubwa, Jerusha. "Baba mkubwa, hebu nisahihishie Kiingereza," akaomba. Pamela alikuwa ameandika "Jerusha, wife", na chini yake "Metrine, wife". Kalamu ya Boaz ikawashwa. Kwa Jerusha akatia "the". Kwa Metrine, kwa kuwa "the" ilishachukuliwa, akatia "a". Hakuwaona wanawake wawili, jamani. Aliona sarufi.

Siku ya mazishi wasifu ukasomwa kwa kipaza sauti. "Jerusha, the wife. Metrine, a wife." Vijana nyuma ya hema wakacheka: "Kumbe huyu ni wa ziada!" Metrine, mwalimu wa Kiingereza huko Muhuru Bay, alikuwa ameketi kando ya jeneza. Hakulia. Alimgeukia shemeji yake, akamtazama.

Na aliyefuata kuzungumza ni nani? Boaz mwenyewe. Neno moja tu lingetosha: nimekosea, wote wawili ni wake wa ndugu yangu. Lakini walimu wa tarafa nzima walikuwa pale, na Mwalimu The akiri kosa la Kiingereza? Alishukuru wageni, akaketi.

Metrine akachukua wanawe akaondoka kabla ya udongo kutupwa. Wazee wakasema basi, mjane akiondoka mume hajazikwa amejitoa mwenyewe bomani. Leo nyumba yake ni ghala la mahindi.

Majuto ni mjukuu. Boaz alikosa usingizi, mwishowe akafunga safari hadi Muhuru Bay, akamkuta Metrine akigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani.

"Shemeji, nisamehe. Ile 'a' niliiweka bila kufikiri."

"Hiyo nilikusamehe palepale," Metrine akasema, mikono haijasimama. "Kalamu huteleza. Lakini ulikuwa umeshika maiki, Mwalimu. Nilikuwa nakungoja."