Bibi, Nakwenda Dukani

Sisi tuliokulia Ifakara enzi za baiskeli, wenzangu, tulitumwa dukani mpaka miguu ikaota magaga. Uko katikati ya mchezo wa rede, unakwepa mpira, unasikia: "Agatha! Kimbia ukalete chumvi!" Ukinuna, unaongezewa na mafuta ya taa. Baiskeli ya baba ilikuwa ndefu kuliko mimi, nikaiendesha kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu, mwili umepinda upande, chupa ya mafuta inaning'inia kwenye usukani. Masika yakichachamaa, tope jeusi linakaba magurudumu, basi ni zamu ya baiskeli kukupanda wewe.

Na huruhusiwi kwenda moja kwa moja. Kwanza upite kwa Bibi Kalista, jirani yetu mzee aliyeishi peke yake, useme: "Shikamoo bibi, nakwenda dukani, nikuletee nini?" Mama hakuwa na mzaha na hilo. "Ukirudi hapa hujapita kwa bibi, utakula nje na mbwa," alisema.

Jamani, bibi yule alitutesa! Anataka ugoro. Unaleta, anaunusa, anakunja uso: "Huu wa zamani. Rudisha." Unarudisha. Ukifika tena, amekumbuka kiberiti. Tulimnung'unikia njia nzima, kimoyomoyo lakini, maana masikio yake yalikuwa mazima kuliko yetu.

Asubuhi moja nikapiga hodi, kimya. Jua limeshapanda, na kuku wake bado wamefungiwa bandani, wanapiga kelele. Nikachungulia ndani, nikamwona yuko chini sakafuni, anatetemeka kwa homa. Yowe nililopiga, nadhani hata watu wa mbali kule Malinyi walisikia. Baba akampakia kwenye keria ya baiskeli, mama na mimi tukamshikilia huku na huku hadi hospitali, naye njia nzima anamgombeza baba kwamba hajui kuendesha. Akapona. Aliporudi, kitu cha kwanza kunituma kilikuwa ugoro.

Sasa nina umri wake. Wanangu wako Dar, na jirani yangu ni kijana mmoja, Deo. Duka analiona kutoka mlangoni kwake, lakini soda anaagiza kwa simu, iletwe na bodaboda! Miguu anayo, tena mirefu. Sijui anamtunzia nani. Ananirushia "shikamoo" bila kungoja marahaba, hedifoni masikioni. Siku moja nilimwambia akienda dukani awe ananipitia. Akacheka: "Bibi, kwani huna simu? Agiza tu." Niagize nini? Chumvi ninayo mimi. Nilichotaka ni mtu wa kunipigia hodi.

Juzi niliamka na kizunguzungu, nikashindwa kutoka kitandani mpaka jua likawa kali. Kuku wangu walipiga kelele bandani, weee! Niliogopa, sifichi. Sauti yenyewe ya kuita sikuwa nayo. Nikasikia pikipiki: chipsi za Deo zimefika. Kupitia dirisha la kando ya kitanda nikamwona anatoka kuzipokea, akageuka, akatazama banda langu. Nikasema, asante Mungu, mtoto amesikia.

"Oya, hawa kuku wa bibi wana kelele," akamwambia yule wa bodaboda. Akavaa hedifoni zake, akaingia ndani na chipsi.